Masika Nyumbani kwa Fundi

Jumapili, 2 Machi

Nimefika. Shangazi aliniambia nyumba iko mwisho wa barabara, baada yake ni mashamba tu, na kwamba nitaijua kwa vyuma. Hakunidanganya. Uani kuna injini nyingi kuliko kuku. Nilikuta pikapu kuukuu imeinuliwa kwa jeki, na chini yake imetokeza miguu miwili yenye viatu vilivyojaa grisi. Nikaiamkia ile miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," ikajibu kwa sauti ya mwanamke. "Baba yuko jikoni anapika."

Na kweli alikuwa jikoni, mzee mwembamba aliyefunga aproni, anakatakata vitunguu bila kuvitazama. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake ameiweka hapo hapo jikoni, karibu na dirisha, ili akishona asiunguze chakula na akipika asisahau nguo za watu. Wanamwita Mzee Sindano. Yule wa chini ya gari ni mkewe, fundi wa pampu za maji na injini, na kwa kila mtu jina lake ni Fundi tu.

Barazani kulikuwa na mtu wa tatu. Mama mtu mzima, kakaa wima kama rula, macho yake hayaoni. Aliniita, akanipapasa uso kwa vidole vikavu.

"Ana njaa," akatangaza kuelekea jikoni. "Na anatuogopa. Mpeni chakula kwanza, woga utashuka wenyewe."

Nikadhani ni mama yake Mzee. Nilipokuwa namsaidia kubeba sahani nikamuuliza kwa adabu kama bibi anakula chumvi. Mzee akakuna kichwa.

"Huyo si bibi. Huyo ni mke wangu. Wa kwanza. Yaani tuliachana, zamani."

"Na Fundi?"

"Fundi ndiye mke wangu."

Akaona nimeganda na sahani mkononi. "Usijali, binti," akasema. "Hata sisi ilituchukua muda kuzoea."

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa kula. Wanataka nikae nao mezani. Nyumba niliyotoka nilikula nimesimama nyuma ya mlango wa stoo, wote wakishashiba, na angalau nilijua mahali pangu. Hapa hata viwiko sijui niviweke wapi.

Jumanne, 4 Machi

Yule asiyeona wanamwita Mwalimu. Alifundisha mpaka macho yakamshinda. Leo amenipa daftari hili, na ya siku mbili za kwanza nimeyajaza kwa kumbukumbu.

"Jioni ukimaliza kazi, andika," akasema. "Mtu asiyeandika siku zake huibiwa."

Nikamuuliza kama atakuwa analisahihisha.

"Nitasahihishaje, mwanangu? Huo ndio uzuri wake. Huyu mzee hasomi kitu kisicho na vipimo, na yule wa gereji akilishika atalipaka grisi. Andika ukweli."

Haya. Ukweli ni kwamba nataka kurudi kwetu.

Alhamisi, 6 Machi

Hawa wanawake wawili hawapatani. Asubuhi waligombea dirisha, mmoja anataka lifunguliwe, mwingine anataka lifungwe. Mchana waligombea redio. Jioni waligombana kuhusu ugomvi wa mchana, nani aliuanza. Mzee alikuwa katikati yao anakula taratibu, kama mtu aliyeketi kando ya barabara akitazama magari yanapita.

Nimempigia shangazi simu. Nikamweleza kila kitu. Akasema, "Mtalaka na mke, chini ya paa moja? Mwanangu, vumilia mpaka masika yaishe. Nitakutafutia nyumba ya watu wenye akili zao."

Nimeshukuru. Nitavumilia.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya kabati la vyombo. Nimeweka sufuria.

Jumatano, 12 Machi

Nilitumwa chumvi na sabuni. Mama wa kioski alinishika mkono kabla hajanipa chenji.

"Wewe ndiye mfanyakazi mpya wa kule? Pole. Mwanamke aliyeachwa hakai kwa aliyeolewa bure bure. Pale kuna dawa. Angalia unachokula."

Jioni niliangalia nilichokula. Kilikuwa maharage. Niliyachambua mwenyewe na Mzee aliyapika mbele yangu. Nikala, lakini kwa wasiwasi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Matope. Nguo hazikauki. Mwalimu na Fundi wamegombania kamba ya nguo.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimeijua habari yenyewe, na sikuipata kioski.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba Fundi na Mwalimu wote walikuwa wamelala mchana, ugomvi haukusikika. Nilikuwa jikoni namenya viazi, Mzee anashona sare za shule. Nikajikuta nimeuliza. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

Mzee hakukasirika. Alisema yeye na Mwalimu walioana wangali vijana, wakapata mtoto mmoja wa kiume, na hawakuwahi kupatana hata juu ya rangi ya pazia. "Mimi nikikasirika nanyamaza. Yeye akikasirika anataka ajibiwe. Sasa utajibu nini wakati umenyamaza?" Wakaachana bila chuki. Miaka ikapita. Fundi akaja kutengeneza pampu ya jirani, akamletea Mzee suruali yake iliyochanika. "Suruali ikaisha kushonwa, yeye hakuondoka."

Mwalimu alipoanza kupoteza macho, mwanawe alimchukua mjini. Nyumba nzuri, vigae kila mahali. Siku moja kwenye msiba wa ndugu, Fundi alimkuta Mwalimu ameketishwa pembeni, amevalishwa vizuri, watu wanapita wanamwamkia na kwenda zao. Fundi akakaa karibu naye, akamuuliza, "Siku zako unazipitishaje, Mwalimu?" Mwalimu akamjibu, "Nakaa. Wakiniletea chai nakunywa."

"Fundi alirudi hapa hakunisemesha," Mzee akasema, akikata uzi kwa meno. "Alipiga pasi shuka za chumba cha mbele. Mimi sijawahi kumwona ameshika pasi. Akawasha gari. Nikamuuliza, unakwenda wapi? Akasema, namfuata mkeo."

Nikacheka. Mzee naye akacheka, halafu akafuta macho kwa kipande cha sare.

"Lakini mbona wanagombana hivyo?" nikauliza.

"Hilo," akasema, "usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa kunyamaza."

Ijumaa, 21 Machi

Nimekula na viwiko mezani. Hakuna aliyesema kitu.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi, nilipofungua mlango wa jikoni nimwage maji, nilimwona Fundi uani, miguu mitupu kwenye matope, macho ameyafumba, mikono ameinyoosha mbele. Anatembea kutoka baraza kwenda chooni. Akajikwaa, akatukana, akainama, akang'oa kipande cha chuma kilichokuwa kimechomoza ardhini, akakitupa mbali. Akarudi mwanzo. Akafumba macho tena.

Nilisimama na beseni langu. Nilidhani wazimu wa nyumba hii sasa umefika kileleni. Kisha nikaliona lile bomba la chuma alilolichomelea kuanzia ngazi za baraza mpaka chooni, ambalo Mwalimu hulishika anapotembea, na nikaelewa. Mvua huosha udongo kila siku na kufunua vyuma vipya. Fundi alikuwa anatembea njia ya Mwalimu kabla Mwalimu hajaamka.

Aliniona. Akaona haya kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Usimwambie," akasema. "Atasema nimekosea kutembea."

Saa ya chai waligombana. Mwalimu alisema chai ni ya moto mno. Fundi akasema basi apulize, mapafu anayo.

Jumapili, 30 Machi

Mzee amenishonea gauni la kitambaa cha bluu, na mifuko miwili mikubwa. Hakunipima. Alisema amenipima kwa macho tangu siku ile niliyobeba sahani. Nilisema ahsante mpaka akaniambia inatosha, kitambaa chenyewe ni mabaki.

Si mabaki. Nilimwona akikinunua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu jana bila kupumzika. Mama wa kioski anasema mto umefika kwenye daraja.

Jumamosi, 5 Aprili

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Fundi alikuwa bandani ananyanyua pampu kubwa ya mashine ya kusaga, kwa mnyororo. Mimi nilikuwa namshikia spana. Kila kitu kilikuwa na maji, mikono, vyuma, sakafu. Nikasikia ndoano ikiteleza, sauti ndogo tu, kama kijiko kimeanguka. Pampu ikashuka. Fundi aliruka, lakini mkono wake wa kushoto haukuwahi.

Sitaeleza ule mkono ulivyokuwa. Ulikuwa umekunjwa mahali pasipo na kiungo.

Nilipiga ukunga. Mzee akaja mbio kutoka jikoni na aproni yake, akaona, akaketi chini kwenye matope kama aliyesukumwa. Mzee hawezi kutazama damu, nilikuwa sijui. Fundi alikuwa ameegemea gurudumu, uso umekuwa wa majivu, anasema polepole, "Hakuna kitu, hakuna kitu."

Kisha nikamsikia Mwalimu. Alikuwa ameshuka baraza peke yake kwenye mvua. Lile bomba la kushika linaelekea chooni, haliji bandani. Kati ya ngazi na banda ni matope matupu na vyuma. Alisimama mwisho wa ngazi, mvua inamchapa, akapaza sauti.

"Wewe! Ongea, nifuate sauti yako!"

"Niongee nini?" Fundi akasema kwa shida.

"Nitukane!"

Nikataka kukimbia nikamshike, lakini nilikuwa nimeubana mkono wa Fundi kwa kanga na niliogopa kuuachia. Fundi akavuta pumzi.

"Mwanamke mkaidi wewe! Rudi barazani, utateleza uvunjike, kisha nani atakubeba? Unanuka mdomo kwa ubishi! Kulia kidogo, kuna injini mbele yako. Kulia, nimesema, kulia kwako, kiziwi wewe!"

"Kipofu," Mwalimu akajibu, akikunja kulia. "Kiziwi bado."

Akafika. Akapiga magoti kwenye matope, vidole vyake vikatembea juu ya ule mkono taratibu mno, kama alivyopapasa uso wangu siku ya kwanza. Fundi akauma meno.

"Mfupa umevunjika, haujatoka nje. Nimewafunga watoto wengi walioanguka mitini. Mzee! Inuka. Leta kile kijiti chako cha kupimia nguo, na vitambaa."

Mzee akaleta, akiwa ameelekeza uso upande wa pili.

"Kivunje mara mbili."

"Mita yangu?" Mzee akasema. Alikuwa nacho tangu alipojifunza kazi.

"Vunja!"

Akavunja. Mwalimu akafunga mkono kwa vile vipande na vitambaa vya sare za shule, mimi nikimwambia wapi pana damu na wapi hapana. Nilikuwa macho yake, na kwa vidole vyake nilijifunza kufunga.

Sasa hospitali. Simu zilikuwa hazina mtandao tangu asubuhi. Dereva wa nyumba hii ni mmoja tu, na ndiye huyo amevunjika.

"Mkono gani?" Fundi akauliza, kana kwamba hajui. Akautazama. "Wa gia. Afadhali. Wa usukani upo. Binti, umewahi kushika gia?"

"Sijawahi kushika hata baiskeli, mama."

"Vizuri. Hujazoea makosa."

Tukapanda. Fundi kwenye usukani, mimi katikati, Mwalimu dirishani. Mzee nyuma ya pikapu amejifunika turubai. Fundi akanionyesha: moja hapa, mbili huku, tatu mbele. Yeye atakanyaga klachi na kusema "sasa," mimi nivute. Mara ya kwanza gari lililia kama ng'ombe. Mara ya pili pia. Ya tatu likaenda.

Barabara ilikuwa mto mwembamba. Tulipofika kwenye daraja, maji yalikuwa yanapita juu yake, ya kahawia, yanabeba matawi. Fundi akasimamisha gari, akayatazama kwa muda. Akasema nguzo za pembeni bado zinaonekana, maji hayajafika magotini, tukienda taratibu bila kusimama tutavuka. Akasema, "Moja. Na usiiguse tena mpaka nikuambie." Nikaivuta ile gia kwa mikono miwili, nikaiachia. Nilisikia maji yakigonga chini ya miguu yetu. Tukavuka.

Ng'ambo ndipo ikawa mbaya zaidi. Fundi alianza kusinzia. Kichwa kikawa kinashuka, gari linahama barabara. Nikamtikisa, akasema, "Nipo," lakini hakuwepo.

Mwalimu akageuza uso kuelekea kwake.

"Unaendesha vibaya," akasema. "Mimi kipofu ningeendesha vizuri zaidi."

Kichwa cha Fundi kikainuka kidogo. "Nini?"

"Nimesema unaendesha vibaya. Na ile redio ni mimi niliyeificha."

"Nilijua! Nilijua ni wewe!"

"Nyuma ya gunia la mkaa. Na sabuni yako ya kuondolea grisi nimefulia soksi."

"Ile sabuni ya... Sasa! Gia mbili, binti! Mwalimu, ile sabuni inatoka mjini, unajua naipataje?"

Na ikawa hivyo njia nzima. Kila Fundi alipolegea, Mwalimu alichokoza kitu kingine: dirisha, sukari, kuku aliyekufa mwaka juzi. Fundi alijibu kwa hasira, na hasira ikamfanya akae macho. Mimi nilikuwa katikati yao navuta gia, machozi yananitiririka, na nikaona wazi kwamba mwezi huu wote nilikuwa nasikiliza kitu ambacho sikukijua jina.

Tulipofika hospitali, wauguzi walimchukua Fundi akiwa bado anabishana. Mlango ukafungwa nyuma yake. Mwalimu akaketi kwenye benchi, wima. Akanishika kifundo cha mkono.

"Niambie rangi yake ilikuwaje mlangoni. Usinifiche."

"Alikuwa mweupe, Mwalimu. Lakini alikuwa anakusema."

Akaitikia kwa kichwa. Mkono wangu hakuuachia.

Jumanne, 8 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mkono umefungwa plasta, daktari amesema Fundi asinyanyue kitu mpaka msimu uishe. Pikapu ililetwa na mume wa mama wa kioski, bila kuombwa. Mama wa kioski mwenyewe alikuja na supu. Alimwamkia Mwalimu, akamwamkia Fundi, akasita jikoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilisikia jinsi mlivyovuka lile daraja." Ya dawa hakuyagusa. Nikampa kiti.

Ahsante kwa supu. Ahsante kwa daraja. Leo nashukuru mpaka vyuma.

Jumapili, 13 Aprili

Mtoto wa Mwalimu amekuja kutoka mjini. Mtu mzima mnene, mpole, suti imechafuka matope hadi magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nimeshindwa. Alimwamkia Fundi, "Shikamoo, mama mdogo," akambusu ule mkono usiovunjika. Akamkumbatia baba yake. Kisha akaeleza. Mama mdogo sasa ana mkono mmoja. Baba ana kushona na kupika. Mama hawezi kubaki hapa kama mzigo. Atamchukua, Jumanne asubuhi.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililonitisha. Hata Mwalimu alisema tu, "Tutaona, mwanangu."

Baadaye alinifuata kwenye karai la vyombo. "Binti, mama amekuzoea. Njoo naye mjini. Chumba chako mwenyewe, mshahara mara mbili, na jioni nitakulipia shule. Wewe msemeshe tu akubali."

Nikampigia shangazi. Alipiga vigelegele kwenye simu.

Chumba changu mwenyewe. Shule. Naandika ukweli kama nilivyoambiwa: nimevitaka hivyo vitu vyote viwili.

Jumatatu, 14 Aprili

Alasiri nilikuwa namkata Mwalimu kucha barazani. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Fundi na Mzee walikuwa ndani na mgeni. Mwalimu akasema bila kugeuka:

"Wewe si ndugu yetu. Kwa hiyo wewe utaniambia. Katika nyumba hii, mimi ni mzigo au si mzigo?"

Nikaacha kukata. Nilijua nikisema "ndiyo kidogo, Mwalimu, maana Fundi ameumia," kesho niko mjini. Nisingekuwa hata nimedanganya sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalisema moyoni, alitaka tu mtu wa kulipigia muhuri.

"Sijui mzigo unapimwaje," nikasema. "Nitakuambia nilichoona."

Nikamwambia. Kwamba Fundi kila asubuhi hutembea njia yake bila viatu, amefumba macho, anang'oa vyuma. Kwamba juzi, mkono wa plasta ukiwa umening'inizwa shingoni, alikuwa anachota kokoto kwa sufuria, kwa mkono mmoja, na kuzimwaga kati ya ngazi na banda, pale Mwalimu alipopita kwenye matope siku ile.

"Aliniambia zile kokoto ni za kuzuia matope yasiingie jikoni," Mwalimu akasema.

"Jikoni ni upande ule mwingine, Mwalimu."

Upepo ukatikisa nguo kambani.

"Mwongo mkubwa yule," akasema. Akanirudishia mkono. "Endelea. Umebakiza kidole gumba."

Nikamaliza kukata. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa ajili ya shule. Kisha nikanawa, nikapika chai.

Jumanne, 15 Aprili

Begi la Mwalimu lilikuwa mlangoni. Mzee ndiye aliyelipanga, nguo zote zimepigwa pasi. Mtoto wake alikuwa amefungua mlango wa gari. Fundi alisimama uani, nyuma ya pikapu, anajifanya anatazama tairi.

"Mama mdogo, umuage mama," mtoto akasema.

"Mwache aende," Fundi akasema. "Nami nitapumzisha masikio."

Mwalimu alikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Akasimama.

"Mmesikia? Akidanganya, sauti yake inapanda juu. Imepanda mpaka kwenye mabati." Akamgeukia mwanawe, akamtafuta kwa mkono mpaka akalishika bega lake. "Mwanangu, kwako niliheshimiwa sana. Hakuna aliyenibishia. Nikisema kumekucha, wanasema ndiyo mama. Nikisema kumekuchwa, ndiyo mama. Nilikuwa nakufa kwa heshima."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema kwa upendo. Hapa nabishiwa kuanzia chai ya asubuhi. Na nikiondoka, huyu nani atagombana naye? Baba yako? Baba yako hawezi kubishana na kifungo."

Mzee akaangalia chini, anatabasamu na kulia pamoja.

"Watu wanasema," mtoto akaanza, na lile jitu zima likafunika uso kwa mikono. "Watu wanasema nimemtupa mama yangu kwa mke wa baba."

"Waambie mama yako anakaa kwa mdogo wake."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kutoka kwake. Fundi aliacha tairi. Alikuja mpaka kwenye ngazi, akasimama mbele ya Mwalimu. Kisha akalichukua lile begi kwa mkono wake mmoja.

"Limejaa vibaya," akasema. "Nani amelipanga hivi?"

"Lirudishe ndani taratibu," Mwalimu akasema, "mna vikombe vyangu humo."

Mtoto alikunywa chai mezani nasi kabla ya kuondoka. Alisema atakuja kila mwezi. Akanitazama mimi, akasema, "Ulimwambia nini?" Nikamwambia, "Nilichoona." Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Hakunilaumu.

Jumatano, 16 Aprili

Shangazi ndiye amenilaumu kwa kuiacha shule ya mjini, kwa niaba yake na ya mtoto wa Mwalimu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia namshukuru kwa kunileta hapa. Akakata simu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mwalimu amejua. Sijui nani kamwambia habari ya shule, labda mwanawe. Kila siku baada ya chakula cha mchana ananisomesha kwa kichwa chake, hesabu na sarufi, hana kitabu hata kimoja na hakosei. Fundi anasema ananifundisha mambo ya zamani. Fundi naye ananifundisha gia nne.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kidogo. Nimefungua injini na kuifunga. Imebaki skrubu moja mkononi. Fundi anasema ni kawaida.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi amepiga. Hakuomba radhi, aliuliza tu ninakula nini. Nikamwambia. Akasema nimpelekee Mwalimu salamu, na "yule mwingine" pia.

Jumapili, 18 Mei

Jua. Jua la kweli, linalofika hadi kwenye pembe za chumba. Nilitoa magodoro yote, nikayaegemeza ukutani. Fundi akatoka, akatazama juu.

"Mvua zimekwisha."

"Hazijakwisha," Mwalimu akasema kutoka barazani. "Nasikia harufu."

"Harufu gani? Anga jeupe!"

"Binti, rudisha magodoro ndani."

"Binti, yaache."

"Yarudishe."

"Yaache!"

Nilikuwa nimeshika godoro langu, nimelitoa, nimelirudisha hadi mlangoni, nimelitoa tena. Jasho linanitoka. Na sijui kilichonipanda ni nini, nikalibwaga chini uani.

"Nyamazeni wote wawili!" nikapiga kelele. "Kila siku nyinyi! Kila siku! Sirudishi, sitoi, godoro litakaa hapa hapa!"

Cherehani ya Mzee ikasimama. Kuku mmoja akapita. Nikajua nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu.

Fundi akamgeukia Mwalimu. "Umesikia?"

"Nimesikia," Mwalimu akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Huyu leo ndiyo amefika."

"Amefika," Fundi akasema. "Na yuko upande wangu, godoro limebaki nje."

"Basi amefika na amekosea. Mvua itanyesha."

"Hainyeshi, Mwalimu!" nikasema. Mimi, nikasema hivyo, mkono kiunoni. "Tazama jua lilivyo!"

"Nitazame na nini?"

Na tukaendelea, wote watatu, mpaka Mzee akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini, akatusikiliza, akarudi ndani akicheka peke yake.

Ilinyesha kabla ya chai. Tulikimbilia magodoro kwa mikono mitano na macho ya watu wawili, tunasukumana, tunalaumiana, tunateleza. Tukayaokoa yote isipokuwa langu. Nitalala chumbani kwa Mwalimu. Ameahidi hatasema kwamba aliniambia. Tangu hapo kila nikipita karibu yake analisema.